Lugha ya Nyumbani na Kiingereza cha Skuli

Haya ni maneno ya hotuba iliyotungwa kwa ajili ya mikutano ya wazazi na walimu wa skuli za msingi.



Kuna jambo moja linalozungumzwa katika nyumba nyingi za Kenya, za mjini na za mashambani, nalo ni hili: Mtoto asemeshwe lugha gani nyumbani, ili akifika skuli apate kujua Kiingereza vizuri? Wazazi wengi wamekwisha kata shauri. Husema kwamba Kiingereza ndicho ufunguo wa kazi na wa masomo ya juu, na kwamba mtoto akianza na Kikamba, au Kiluo, au Kimeru, lugha hiyo itamganda ulimini na kumzuia. Basi huiweka kando lugha yao, wakajitahidi kumsemesha mtoto Kiingereza tangu siku aanzapo kutamka maneno, hata kama Kiingereza chao wenyewe ni cha kuokotaokota.

Nia ya wazazi hao ni njema, wala haifai kuwacheka. Wameona mambo kwa macho yao. Katika mtihani wa mwisho wa skuli ya msingi, ulioitwa KCPE, ambao ulifanywa toka mwaka wa 1985 hata mwaka wa 2023, karatasi za hesabu na za sayansi ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyeelewa maneno ya swali hakuweza kulijibu, ijapokuwa hesabu yenyewe aliijua. Barua ya kuomba kazi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na mwombaji akiitwa kuulizwa maswali, mara nyingi huulizwa kwa lugha hiyo hiyo. Mzazi aliyeyaona hayo ana sababu ya kuwa na hofu.

Walakini hofu yenye sababu yaweza kumwongoza mtu katika njia isiyofika. Makusudi ya hotuba hii ni kuonyesha kwamba lugha ya nyumbani si adui wa Kiingereza. Kiingereza hufundishwa vema na mwalimu anayekijua, kwa saa zake na kwa vitabu vyake. Kazi ya nyumba ni nyingine: ni kumpa mtoto lugha moja iliyo kamili, ambayo kwayo ataweza kufikiri, kuuliza na kueleza. Nyumba ikiiacha kazi hiyo ili ifanye kazi ya skuli, mtoto aweza kukosa zote mbili.

NYUMBA ZA KENYA NA LUGHA ZAKE

Kenya ina lugha zaidi ya 60. Nyingine ni za Kibantu, kama Kikuyu, Kikamba, Kiluhya na Kigiriama. Nyingine ni za jamaa ya Kiniloti, kama Kiluo, Kimasai na Kinandi. Na nyingine ni za Kikushi, kama Kisomali na Kiborana. Kwa hiyo mtoto wa Kenya aweza kuzaliwa katika nyumba ya namna yo yote kati ya hizi zifuatazo.

Ya kwanza ni nyumba ya lugha moja, kama zilivyo nyumba nyingi za Kitui, za Siaya au za Kapsabet. Mtoto wa nyumba hii afikapo skuli hajui Kiingereza, lakini si kwamba hajui kitu. Anajua maelfu ya maneno, na anajua kuyapanga bila makosa. Aweza kusimulia hadithi ya fisi na sungura toka mwanzo hata mwisho, kupeleka salamu kwa shangazi yake na kurudi na majibu, na kubishana na mwenziwe mpaka amshinde. Hiyo ni elimu, ijapokuwa hakuipata katika kitabu.

Ya pili ni nyumba ya mji. Baba huenda ni Mluhya na mama ni Mtaita, na lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Watoto wao wakitoka nje hukutana na wenzao wa makabila mengine, na ndivyo Sheng ilivyokua katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ikichanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha za makabila. Katika nyumba hii haifai kumlaumu mzazi kwamba hamfundishi mtoto lugha ya kabila. Lugha ya nyumbani ni ile ambayo baba na mama huisema kwa ukamilifu mbele ya watoto wao, na hapo ni Kiswahili.

Ya tatu ni nyumba ya pwani, ya Lamu au ya Mombasa, ambamo Kiswahili ni lugha ya mababu. Wengine hudhani kwamba mtoto wa nyumba hii hana taabu yo yote. Lakini yeye asema Kiamu au Kimvita, na Kiswahili cha vitabuni kilitengenezwa juu ya Kiunguja, kwa shauri lililokatwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928. Hata mtoto wa Kiswahili, basi, hukuta darasani maneno yasiyo yale ya mama yake.

Ya nne ni nyumba ya wazazi waliosoma sana, ambao Kiingereza wanakijua kweli kweli na wanakitumia mchana na usiku. Mtoto wao hukipata kikamilifu kama lugha yo yote nyingine. Hatari haimo humo. Hatari imo katika nyumba ambayo wazazi wana maneno machache tu ya Kiingereza, nao wameamua kuishi kwa hayo machache. Mtoto huambiwa aje, akae, ale, anyamaze. Zaidi ya hapo maneno ya mzazi yamekwisha. Hapati methali, hapati hadithi, haelezwi kwa nini mahindi yamekauka wala kwa nini babu amekasirika. Wazazi wanayo maneno mengi ya kueleza hayo yote katika lugha yao, lakini wameyafungia kabatini, na ufunguo wameutupa.

MASHAURI YALIYOPITA

Shauri hili si jipya. Mwaka wa 1909 wamisionari wa makanisa mbali mbali walikutana Nairobi, wakapatana kwamba watoto wa madarasa ya kwanza wafundishwe kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili, na Kiingereza kifuate baadaye. Tume ya Phelps-Stokes, ambayo taarifa yake juu ya elimu ya Afrika ya Mashariki ilitoka mwaka wa 1925, nayo ilishauri kwamba madarasa ya chini yatumie lugha ya wenyeji, na Kiingereza kitumiwe katika madarasa ya juu. Mwaka wa 1953 shirika la UNESCO lilitoa kitabu lililosema ndani yake kwamba lugha iliyo bora ya kumwanzisha mtoto masomo ni lugha ya mama yake.

Hata hivyo upepo uligeuka. Mwaka wa 1957 kituo maalum kilianzishwa Nairobi cha kujaribu mafundisho mapya, na watoto wa Kiasia katika baadhi ya skuli wakaanza kufundishwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Njia hiyo ilipendwa, ikaenea upesi katika skuli za Waafrika pia. Baada ya Uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ilikubali kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia toka darasa la kwanza. Lakini tume hiyo hiyo haikutaka lugha za nyumbani zifukuzwe kabisa. Ilishauri kiwekwe kipindi kila siku cha kusimulia hadithi kwa lugha hizo.

Mwaka wa 1976 Kamati ya Gachathi ilirudi kwenye njia ya zamani. Ilishauri kwamba katika madarasa matatu ya kwanza mwalimu atumie lugha ya wenyeji wa mahali skuli ilipo, na kwamba Kiingereza kishike nafasi toka darasa la nne. Tokea mwaka wa 1985 Kiswahili nacho kikawa somo la lazima lenye mtihani wake. Shauri la Gachathi ndilo linalofuatwa mpaka sasa katika maandiko ya Serikali, hata katika mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019. Na Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi, na kwamba Serikali itazitunza na kuziendeleza lugha za wananchi wa Kenya.

Kwa hiyo mzazi anayeambiwa kwamba lugha ya kwao imekatazwa skulini yafaa ajue kwamba maandiko hayasemi hivyo. Yanayosemwa katika karatasi na yanayofanywa darasani ni mambo mawili. Skuli nyingi, na hasa zile za kulipia, huanza na Kiingereza siku ile ile mtoto afikapo, kwa kuwa wazazi ndivyo watakavyo.

KUSOMA BILA KUELEWA

Yafaa kutazama ni jambo gani linalompata mtoto anapojifunza kusoma. Kusoma ni kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kuzijua herufi na sauti zake. Ya pili ni kulitambua neno linalotokea sauti hizo zikiungana. Mtoto wa Kitui akisoma katika Kikamba, akifaulu kuunganisha sauti, mara hukutana na neno analolijua, hucheka na kusema, "Kumbe ni hili!" Kazi ya pili imejifanya yenyewe. Tena lugha zetu nyingi huandikwa kama zisemwavyo, na herufi zake hazidanganyi.

Mtoto huyo huyo akianzishwa kwa Kiingereza ana mizigo miwili kichwani. Akiisha kuunganisha sauti, neno alilolipata hajalisikia maishani mwake. Na herufi zenyewe si za kutegemewa, maana katika Kiingereza maneno *though*, *through* na *cough* yana herufi nne za mwisho zilizo sawa, na kila moja lina sauti yake. Basi mtoto huikimbilia njia iliyo rahisi: hushika maneno kwa moyo, kama kasuku. Husoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, na mzazi akimsikia hufurahi. Lakini akiulizwa maana ya aliyoyasoma, hunyamaza.

Jambo hili limepimwa. Kuanzia mwaka wa 2009 shirika lililoitwa Uwezo liliwatuma watu kupita nyumba kwa nyumba nchini Kenya na kuwapima watoto kusoma Kiingereza, kusoma Kiswahili na kufanya hesabu. Taarifa yake ya mwaka wa 2011 ilionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, ni 3 tu walioweza kazi ya darasa la pili. Sababu za jambo hili ni nyingi: madarasa yenye watoto wengi mno, uchache wa vitabu, walimu wasiofika kazini, njaa. Haifai kuitupia lugha lawama yote. Lakini mtoto anayefundishwa kusoma katika lugha asiyoielewa ameongezewa mzigo juu ya mizigo hiyo yote, na mzigo huu waweza kuondolewa bila kujenga hata chumba kimoja.

JARIBIO LA ILE-IFE

Mtu atauliza: Je, mtoto akikawia katika lugha ya kwao, Kiingereza chake hakitadhoofika? Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Swali hili ni la haki, na jibu lake lilitafutwa Afrika yenyewe.

Mwaka wa 1970, huko Ile-Ife nchini Nigeria, Chuo Kikuu cha Ife kilianza jaribio lililoongozwa na Profesa Babatunde Fafunwa. Watoto wa kundi moja walifundishwa masomo yote kwa Kiyoruba, lugha ya nyumbani kwao, muda wa miaka yote 6 ya skuli ya msingi. Kiingereza walifundishwa kama somo tu, na mwalimu aliyefunzwa hasa kazi hiyo. Watoto wengine walifuata desturi ya siku zote: Kiyoruba kwa miaka 3, kisha Kiingereza katika masomo yote.

Walipopimwa, wale waliosoma kwa Kiyoruba hawakuachwa nyuma. Waliwapita wenzao katika masomo, na Kiingereza chenyewe kikiwemo. Sababu yake si ya ajabu. Walikuwa wamekwisha elewa hesabu ni nini, sayansi ni nini, na namna ya kueleza fikira kwa utaratibu. Walipojifunza Kiingereza, walijifunza tu majina mapya ya mambo waliyoyajua. Wenzao walikuwa wakijifunza jambo na jina lake kwa mara moja, katika lugha waliyoijua nusu.

Kwa hiyo methali ya mshika mbili ni ya kweli kwa vitu vishikwavyo mkononi. Lugha si samaki wala sungura. Mtoto wa Mombasa anayemsemesha nyanya yake Kidigo na mwenye duka Kiswahili hajaponyokwa na hata moja.

Lakini jaribio la Ile-Ife lina sharti lake, nalo lisisahauliwe. Kiingereza kule kilifundishwa na mwalimu aliyekijua barabara. Lugha ya nyumbani haifanyi kazi ya mwalimu wa Kiingereza; humtayarishia shamba tu. Pasipo mwalimu mwema, shamba lililolimwa vizuri litabaki bila mbegu.

WALIVYOFANYA MAREKANI

Nchi nyingine nazo zina nyumba za lugha nyingi, na Marekani ni mojawapo, kwa sababu ya wahamiaji wake. Serikali ya huko, katika kuhesabu watu mwaka wa 1980, ilianza kuuliza maswali matatu yanayofuatana. La kwanza: Mtu huyu husema lugha nyingine nyumbani, isiyo Kiingereza? La pili: Ni lugha gani? La tatu: Kiingereza anakisema vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hakijui kabisa? Maswali hayo yanaulizwa hata leo, na katika hesabu hizo wasemaji wa Kiswahili nao wamo.

Yafaa kuangalia kwamba maswali ya lugha ya nyumbani na swali la Kiingereza yametenganishwa. Wenye kuhesabu walijua kwamba jibu la moja si jibu la jingine. Mtu aweza kusema Kihispania nyumbani na Kiingereza vizuri sana kazini, na watu wa namna hiyo ni mamilioni.

Tena majibu hayo hayawekwi kabatini. Mahali penye raia wengi wa lugha moja wasiojua Kiingereza vema, sheria iliyotengenezwa mwaka wa 1975 hulazimisha karatasi za kupigia kura zitolewe katika lugha yao pia. Na kabla ya hapo, mwaka wa 1974, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikata kesi iliyotoka katika mji wa San Francisco. Huko palikuwa na wanafunzi 2,856 wa asili ya Kichina wasiojua Kiingereza. Yapata 1,000 walipewa mafundisho ya ziada ya Kiingereza, na wengine yapata 1,800 hawakupewa. Waliketi tu darasani na kusikiliza wasiyoyaelewa. Wakuu wa skuli walidai kwamba watoto wote walipewa walimu wale wale na vitabu vile vile, kwa hiyo hakuna aliyeonewa. Mahakama ilikataa. Iliamua kwamba kumpa mtoto kitabu asichoweza kukielewa si kumtendea sawa na mwenziwe anayekielewa.

Hukumu hiyo haikuwaambia wazazi wa Kichina waache Kichina nyumbani. Iliiambia skuli ifanye kazi yake.

Kenya nayo ina sheria ya namna hiyo katika mambo ya mahakama. Katiba ya mwaka wa 2010 yasema kwamba mtu anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa, na kwamba mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi apewe mkalimani bila malipo. Mtu mzima aliyeshtakiwa kwa kuiba mbuzi hupewa mkalimani. Mtoto wa miaka sita, ambaye hakumkosea mtu, naye astahili kusemeshwa lugha anayoielewa.

AIBU YA ULIMI

Jambo jingine huwatia wazazi hofu, nalo ni matamshi. Husema kwamba mtoto aliyekulia katika lugha ya kabila atachekwa. Ni kweli kwamba ulimi hukumbuka nyumbani. Mkikuyu huchanganya *l* na *r* kwa kuwa katika Kikuyu sauti hizo hazitengani kuwa mbili. Mjaluo huweza kusema *s* mahali pa *sh*, maana Kiluo hakina *sh*. Mkalenjin huchanganya *p* na *b* kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Lakini hayo ni mambo ya sauti, si ya akili, na mwalimu mwenye subira huyarekebisha kwa mazoezi. Mscoti na Mwelshi wanacho Kiingereza chenye sauti za kwao.

Walakini skuli nyingi zilichukua njia ya aibu mahali pa njia ya mazoezi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza, katika kitabu chake *Decolonising the Mind* cha mwaka wa 1986, namna mwanafunzi aliyesikiwa akisema Kikuyu katika siku za utoto wake alivyopewa kifungo akishike, naye akamkabidhi mwingine atakayemsikia akikosa, na jioni walimu wakawapata wakosaji wote kwa kufuata njia ya kifungo hicho. Desturi ya kumvika mtoto kibao au kipande cha mti kwa kosa la kusema lugha yake iliendelea katika skuli nyingi za Kenya miaka mingi baada ya Uhuru. Fimbo imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, lakini kibao chaweza kuning'inizwa bila fimbo. Nacho humfundisha mtoto mambo mawili: kumpeleleza mwenziwe, na kunyamaza. Hakimfundishi neno hata moja la Kiingereza, kwa maana anayeogopa kukosea hasemi, na asiyesema hajifunzi.

LUGHA HUFIA NYUMBANI

Liko jambo moja ambalo skuli haiwezi kulitengeneza baadaye. Katika kaunti ya Laikipia, karibu na msitu wa Mukogodo, wako watu waitwao Wayaaku. Zamani waliishi kwa kuwinda na kwa kufuga nyuki, wakikaa katika mapango, na mahari yao ilikuwa mizinga. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 walianza kuoana na majirani wafugaji wasemao Kimasai. Mahari ikawa ng'ombe, na mtu asiye na ng'ombe akadharauliwa. Basi wazazi wakaona ni heri watoto wasemeshwe Kimasai, lugha ya wenye mali. Hakuna aliyewalazimisha kwa fimbo. Shauri walilikata wenyewe, na kwao lilionekana kuwa jema. Leo lugha ya Kiyaaku imebaki kwa wazee wachache sana, na watu wa kabila hilo wenyewe wameanza kuikusanya neno kwa neno ili isipotee kabisa.

Habari hii haihusu Kiingereza, lakini yaonyesha namna lugha inavyokwisha. Haihitaji vita wala amri ya Serikali. Yatosha baba na mama kuona haya kuisema mbele ya watoto wao, kwa muda wa vizazi viwili.

Tena hasara hufika mapema kuliko hapo. Katika nyumba nyingi za miji, mtoto apelekwapo likizo kwa babu na bibi, huketi nao bila neno. Bibi anajua dawa za miti, majina ya ukoo, na mashauri ya mashamba yaliyo na kesi. Mtoto anajua Kiingereza cha televisheni. Katikati yao hapana daraja. Mkalimani ni mama, naye hayupo kila siku.

YAPASAYO KUFANYWA

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, amsemeshe mtoto lugha ile aijuayo vema kuliko zote, iwe ya kabila, iwe Kiswahili, iwe Kiingereza. Wazazi wakiwa wa makabila mawili, kila mmoja aweza kusema yake, na Kiswahili kikawaunganisha. Watoto huweza hayo bila taabu. Pili, asimsemeshe kwa amri tu. Amsimulie hadithi, amtegee vitendawili, amweleze kazi anayoifanya, amwache aulize na amjibu. Tatu, amsomee. Vitabu vya *Tujifunze Kusoma Kikwetu* vilitungwa katika lugha nyingi za Kenya, na mahali visipopatikana, Biblia na vitabu vya nyimbo hupatikana katika lugha nyingi. Nne, asikidharau Kiingereza. Amnunulie mtoto kitabu cha hadithi cha Kiingereza awezapo, atazame daftari lake, na katika mkutano wa skuli aulize kama mwalimu wa Kiingereza anakijua na kama vitabu vinatosha. Hayo yatamfaa mtoto kuliko maneno machache yaliyovunjika jikoni.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Akiwa anaijua lugha ya mahali pale, aitumie katika madarasa matatu ya kwanza kama ilivyoandikwa, bila kuona haya mbele ya mkaguzi. Akiwa amepelekwa mahali asipojua lugha, kama itokeavyo mara nyingi, atumie Kiswahili pale kinapoeleweka, naye ajifunze angalau salamu na maneno ya darasani ya wenyeji. Mtoto akijibu kwa lugha yake jibu lililo sahihi, lipokewe kwanza kuwa sahihi, kisha afundishwe namna ya kulisema kwa Kiingereza. Na kibao, kama bado kipo, kitiwe motoni.

Serikali za kaunti na ya taifa nazo zina deni, maana haifai kumwambia mwalimu atumie lugha ambayo haina hata kitabu kimoja cha kusomea. Maneno ya Katiba juu ya kuziendeleza lugha yatimizwe kwa vitabu na kwa walimu waliofunzwa kazi hiyo.

Kiingereza ni mali, na kila mtoto wa Kenya ana haki ya kukipata kwa ukamilifu, mtoto wa Turkana sawasawa na mtoto wa Nairobi. Lakini atakipata katika skuli iliyo na mwalimu mwema, akiwa amefika hapo na lugha ambayo tayari aitumia kufikiri na kuuliza maswali. Lugha hiyo hainunuliwi, wala hailipiwi karo. Wazazi wanayo tayari, nao wamngoje nani ndipo waitoe?